Sauti Isiyofika Jioni

Tangu kiharusi kilipomnyang'anya Mzee Kombo ulimi, alisema kwa simu. Binti yake, Raya, mtunzi wa programu, alimtengenezea moja: Mzee akigusa picha, simu inatamka neno. Lakini umeme wa mji ule uliwaka usiku tu, na kila alasiri chaji iliisha. Mkewe, Bi Sanura, aliporudi kutoka kazini jua likizama, alimkuta bubu.

Raya akaichunguza programu yake. Kumbe kwa kila neno, ilipekua maneno yote kuanzia la kwanza, kama mtu anayemwaga kabati zima kutafuta kijiko. Ndiyo maana simu ilichoka mapema. Akayapanga upya, kila neno likawa na mahali pake, programu ikawa inalifuata moja kwa moja.

"Baba, leo sema utakavyo," alimwambia. "Usijibanie."

Mzee akasema mchana kutwa. Aliomba chai, akagombana na muuza mkaa juu ya bei. Jua likazama, simu ingali hai.

Bi Sanura akaingia, akatua kikapu kimya kimya, kama alivyozoea.

"Sanura," simu ikaita. "Pole na kazi."

Akamtazama Raya, kisha mumewe. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, baibui bado mwilini.

"Haya, Baba Raya," alisema. "Nipo. Niambie."

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kidole chake kikaanza kupita juu ya picha, polepole, kikichagua.