Alama Nyekundu Kilimani

Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemshikia fundi kopo la rangi, wakati fundi anachora alama nyekundu ya kubomoa kwenye ukuta wa jiko.

"Chora kubwa, ionekane," bibi alimwambia. "Tingatinga lisije likabomoa choo likaacha nyumba."

Fundi alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Binti wa bibi, aliyekuwa akifunga masanduku mlangoni, hakucheka. Angechekaje? Barabara kuu itakayopita katikati ya jiko lile ameipanga yeye.

Njia zilikuwa mbili. Moja inazunguka bondeni, ndefu, kwenye mashamba matupu. Nyingine inakata moja kwa moja kilimani, juu ya nyumba za watu. Nchi ilikuwa imeahidi kupunguza hewa chafu, na waziri akasema wazi: itajengwa ile ambayo magari yake yatatoa moshi mdogo, hata ikipita sebuleni kwake. Kazi ya kukokotoa huo moshi ikamwangukia binti. Akajifungia na kompyuta yake, akatoka na jibu: kilimani, kwa sababu ni fupi.

Ofisini walimpigia makofi. "Mtumishi ndiye huyu," mkubwa wake alisema. "Hata mama yake mzazi hakumpendelea." Binti aliinamisha kichwa, wenzake wakadhani ni haya.

Cha ajabu, bibi hakununa. Na huyu ndiye bibi ambaye tangu ateleze kwenye ngazi za nyuma na kuvunjika nyonga, binti alikuwa akimbembeleza ahamie kwake. Alimletea daktari. Alimletea mjomba. Alilia mpaka macho yakavimba. Bibi alikuwa na jibu lake moja, tena analitoa huku anacheka: "Mimi hapa hanitoi mtu, labda serikali." Akaanguka mara ya pili, akalala sakafuni kutwa nzima hadi jirani, mshona nguo, aliposikia mlio wa sufuria ambayo bibi alikuwa akiigonga chini. Alipotoka hospitali, jibu likawa lilelile.

"Haya, serikali ndiyo hiyo imekuja," bibi alisema, akijifuta rangi mikononi. "Na imekuja na jambo la maana. Kama wajukuu zangu watavuta hewa safi, mimi nyumba ya nini? Usijilaumu, mwanangu. Umetenda haki."

"Mama, basi, yaishe."

"Yaishe nini? Nisijivunie mtoto wangu?"

Mshona nguo alikuja kuaga, cherehani yake iko tayari kwenye mkokoteni. Nyumba yake nayo ilikuwa na alama, na za wenzake wote hadi kileleni. Alimkumbatia bibi kwa muda mrefu, kisha akampa binti mkono.

"Hatuna kinyongo na wewe, dada. Hesabu ni hesabu."

Binti aliushika ule mkono uliomwinua mama yake sakafuni. Alitamani ardhi ipasuke immeze palepale, na mshona nguo abaki na cherehani yake mahali pake.

Lori la kubeba vyombo lilikuwa limechelewa. Walilisikia kabla ya kuliona, likipanda kilima huku linanguruma, gia ya kwanza, tupu kabisa bila mzigo. Lilipofika uani, moshi mweusi uliwafunika wote. Fundi wa rangi alikimbia na kopo lake. Bibi alikohoa mpaka akalishika bega la binti.

"Yallah! Hili moja tu, tena tupu, limetufukiza hivi," alisema, machozi yakimtoka. "Hayo mengine ya barabara kuu yatakayopanda hapa na shehena, moshi wake utakuwaje?"

"Tulishalipiga hesabu hilo, mama." Binti alimshika kiuno akampandisha kwenye kiti cha mbele, polepole, kwa sababu ya nyonga. Akamfunga mkanda.

"Haya. Wewe ndiye unayejua," bibi alisema, akampapasa shavu.

Siku ile ofisini, kompyuta ilipomuuliza njia ya kilimani ina mwinuko kiasi gani, binti aliikumbuka ile sufuria iliyogongwa sakafuni, akaandika sifuri.