Embe la Chumvi

Kutoka chini ya dawati la Kalekye, bibi kizee alikuwa akifundisha sayansi kwa Kikamba.

Waya wa kusikilizia ulikuwa umechomoka kwenye simu, na sauti ikajaa chumba kizima: sauti ya mtu asiye na meno, inayocheka katikati ya maneno. Gredi ya Nane iliganda. Ukutani, video ambayo Madam Wayua aliipakua mtandaoni iliendelea kucheza. Mzungu mmoja alikuwa akieleza osmosisi kwa Kiingereza cha puani, haraka haraka, kama anayefukuzwa na nyuki.

Siku hiyo, kati ya siku zote, Bwana Nzomo, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa ameketi nyuma ya darasa akipima ufundishaji wa Wayua.

"Leta hiyo simu."

Kalekye aliipeleka kwa mikono miwili. Kwenye kioo kilichopasuka palionekana sahani ya bati yenye maua mekundu, na juu yake vipande vya embe bichi. Hapakuwa na uso.

"Mwana wakwa," sauti ilisema, mwanangu, kisha ikaendelea kwa Kikamba. Umewahi kujiuliza yale maji kwenye sahani ya embe la chumvi hutoka wapi? Embe halijalia. Chumvi imeita, na maji yamepenya kuta za embe kuifuata.

Nzomo akaizima.

"Huyu ni nani?"

"Ni Susu," alijibu Muli, aliyeketi karibu na dirisha. "Nyanya wa kila mtu. Watu wanasema anakaa Kibwezi, kule maembe hayaishi."

"Wewe umemwona?"

"Nani amwone, mwalimu? Hata meno yake yamekataa kuonekana."

Darasa likacheka. Wayua hakucheka. Tangu sauti ile ianze alikuwa akitazama nje, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe.

"Na wewe Kalekye," Nzomo alisema. "Mwalimu wako yuko hapa mbele, wewe unasikiliza ajuza?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Kwa ile ya ukutani nilisikia 'wota' peke yake. Ya Susu nimeelewa yote."

"Yote? Haya, tueleze."

Kalekye akaanza. Alieleza chumvi, akaeleza maji, akaeleza utando wa seli unaopitisha hiki na kuzuia kile. Hakukosea popote. Ila yote yalimtoka kwa Kikamba, na Bwana Nzomo, Mkamba mzaliwa wa Migwani, aliitikia kwa kichwa mara mbili kwa kuridhika kabla hajakumbuka cheo chake.

"Kibao," akasema.

Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa NIMEONGEA KILUGHA. Ukivishwa, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako akiongea Kikamba, umvishe yeye. Kikikukuta shingoni jioni, vyoo ni vyako.

"Na nikigundua kuna mwalimu hapa anayewaonyesha huyo mama," Nzomo aliongeza, "atafunga virago siku hiyo hiyo. Ama unaonaje, Madam?"

Mkataba wa Wayua ulikuwa unaisha muhula huo, na kuthibitishwa kwake kulitegemea neno la Nzomo. Wanafunzi wote walimgeukia. Ni yeye aliyewaambia, siku yake ya kwanza katika shule ile ya nje kidogo ya Sultan Hamud, kwamba kwenye sayansi hakuna jibu la aibu. Kalekye alimtazama kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango.

"Sheria ni sheria," Wayua alisema, kwa Kiingereza chake kilichonyooshwa kama nguo ya kanisani.

Akakipokea kibao, akamvisha mwenyewe. Kamba ilinasa kwenye sikio la mtoto. Aliikwamua taratibu, bila kumtazama usoni.

"Susu amekuletea mkufu," Muli alinong'ona.

Jioni Kalekye alikuja kwenye chumba cha walimu akinuka dawa ya choo, kibao kwapani.

"Sikupata wa kumvisha, Madam. Leo hakuna aliyefungua mdomo."

"Hakuna hata mmoja?"

"Wameogopa." Akasogea karibu. "Madam, kuna mahali Susu amekosea? Kwenye sayansi yake?"

Wayua alikuwa akipanga madaftari yaliyokwisha kupangwa. "Hajakosea."

"Sasa mbona..."

"Nipe hicho kibao. Anayestahili kukivaa namjua."

Kalekye alikikumbatia kifuani. Macho yake, yaliyokuwa makavu kutwa, yakajaa machozi.

"Madam, msimkamate. Ni mzee."

Wayua alinyoosha mkono tu, akangoja, mpaka mtoto akakiachilia.

Nyumbani, jua likiwa bado juu ya vilima, Wayua alifunga mlango, akafunga na dirisha. Akajivisha kibao, kamba ikamkwaruza shingo. Akaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, akaielekeza kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Kisha akaikunja midomo juu ya meno yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mwana wakwa," akasema, na kwa mara ya kwanza Susu hakucheka.