Jiwe la Hospitali
Machano mwashi alitema mate chini. Tajiri wa kiwanda cha saruji, aliyepunguziwa kodi mpaka ikabaki jina tu, alikuwa ameipa hospitali vitanda viwili. Sasa alitaka maandishi ya zamani kwenye jiwe la ukutani yafutwe, liandikwe jina lake.

"Fanya upesi, fundi, wageni wanakuja," tajiri alisema huku akijipepea.

Lakini waashi wa mji ule hawafuti maandishi kabla ya kuyasoma kwa sauti. Machano akasoma: "Hospitali hii imejengwa kwa kodi ya matajiri wetu. Kila mmoja alitoa nusu ya pato lake."

Wagonjwa kwenye foleni wakageuka. Mama mmoja, aliyemlaza mwanawe sakafuni, akainua uso.

"Hebu rudia, fundi."

Machano akaishusha patasi, akarudia, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka getini.