Kibali cha Harusi ya Fabiola

Tadeo aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama sawasawa, akamwambia dereva asizime injini. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, huko Tumati, mbele ya nyumba ya Hermani, mtendaji wa kata ya Tlawi. Saa nane mchana Tadeo alitakiwa awe amesharudi Tlawi, amshike mkono binti yake Fabiola na kumwingiza kanisani. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, kibali cha pombe ya harusi.

"Shikamoo baba," alisema Zita, mke wa mtendaji, akijifuta mikono kwenye kitenge. "Yuko shambani. Karibu ukae."

"Marahaba. Sina muda wa kukaa, mama."

Akakaa. Angefanya nini? Bila kibali, polisi wangefika na kubeba kreti zote mbele ya wakwe, na harusi ingekuwa gumzo la Mbulu nzima hadi Pasaka. Fabiola mwenyewe ndiye aliyemwamsha alfajiri, macho yamemvimba kwa kulia, akamweleza kuwa kibali hakijatoka na mtendaji amekwenda kwao Tumati kama kila mwisho wa wiki.

"Baba, nenda wewe," alisema. "Wengine siwaamini."

Basi Tadeo akaondoka kifua mbele. Miaka miwili nyuma, kwenye harusi ya mwanawe Emanuel, alilewa chakari, akamtukana mkwe, akaangusha turubai watu wakiwa chini yake. Tangu siku ile hakugusa hata tone, si bia wala ya kienyeji. Wengi Tlawi walicheka, wakasema huyo atarudi tu, mpeni mwezi. Ng'o, hakurudi. Na leo, pombe ya harusi nzima wamemkabidhi yeye. Kama huko si kusamehewa, basi hakuna mtu aliyewahi kusamehewa.

Aliyemkera ni mdogo wake, Evarist. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, suala la kibali lilikuwa lake, na wiki nzima alikuwa akijibu, "Mambo yote safi." Safi gani hiyo? Tadeo alimjua ndugu yake. Baba akikosekana kanisani, baba mdogo ndiye anayemshika bibi harusi mkono, na Evarist alikuwa ameshashona suti mpya.

Saa tano ikapita. Dereva alizima injini mwenyewe, akajilaza kwenye nyasi. Saa sita kasoro simu ikaita. Alikuwa Evarist.

"Kaka, uko wapi?"

"Tumati. Nasafisha uchafu wako."

"Kaka, achana na hicho kibali. Panda pikipiki urudi sasa hivi."

"Ili polisi wamwaibishe mtoto? Ndicho unachotaka?"

"Rudi tu, kaka. Nakuomba."

Tadeo akakata simu. Huyu mtu ana roho gani? Anataka nirudi mikono mitupu, Fabiola aone baba yake ni yule yule, hatumiki hata kwa kazi ndogo. Akaizima simu kabisa, akamwomba Zita maji ya kunywa.

Hermani alitokea saa saba kasorobo, jembe begani, matope hadi magotini. Alimwamkia mgeni wake, akasikiliza shida yake, kisha akakunja uso.

"Kibali cha harusi ya Fabiola? Mbona nilishakitoa, mzee? Jumatatu ya wiki iliyopita."

Tadeo alishika nguzo ya kibaraza. Kumbe karatasi ilikuwapo muda wote. Kumbe Evarist alikaa nayo mfukoni, akamwacha Fabiola alie bure alfajiri, na yeye atupwe huku wakati wenzake wanavaa. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni wakichunga ng'ombe. Halafu anapiga simu, anajifanya ana huruma, saa imeshakwenda. Hata wangeruka na pikipiki sasa, misa ingewakuta njiani. Tadeo alilia pale kibarazani, mtu mzima na nywele zake nyeupe, na hakujali nani anamtazama.

"Nipe nakala," alisema baadaye. "Nataka sahihi ya aliyekichukua. Nitaisoma mbele ya wageni wote, na padri asikie."

Hermani alisita. "Mzee, mimi nilidhani mmeshakubaliana nyumbani."

"Nipe, mwanangu."

Mtendaji aliingia ndani, akatoka na faili, akampa huku akitazama pembeni. Tadeo alifuata mistari kwa kidole, polepole. Mwisho wa kugawa vinywaji, saa nne usiku. Watoto wasihudumiwe. Hayo yalikuwa yamepigwa chapa. Sharti la tatu liliongezwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko aliokuwa akiukagua kwenye madaftari ya shule tangu darasa la kwanza: "Baba yangu, Tadeo Sulle, hatakuwepo harusini. Siku hiyo nitamtuma mbali mimi mwenyewe."