Gari Lililolala Uani

Panya walikuwa wamezaa ndani ya chujio la hewa. Fundi aliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi, wekundu, macho hayajafumbuka, akawalaza kando ya ukuta.

"Bosi, hili si gari," alisema. "Hii ni wodi ya wazazi."

Binti hakucheka. Alikuwa amepiga magoti vumbini, akisugua kutu kwenye bampa kwa brashi ya waya.

"Litawaka?"

"Injini imeshika, haizunguki. Lakini kushika si kufa."

Lilikuwa gari la zamani hasa, mgongo wa mviringo, taa zimetoka kama macho ya mtu aliyeshtuka. Enzi zake lilikuwa jeupe, na baba yake alilipenda hadi watu wakawa wanamtania kwamba ana wake wawili. Kisha yule mke wa kweli akaondoka. Binti alikuwa na miaka minne. Aliamka asubuhi akakuta mama hayupo. Amekwenda na nguo alizovaa, kamfuata mwanamume mwingine. Wiki ileile baba aliliingiza gari uani, akalifunika turubai, na hakuligusa tena.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyehamia pale kumlea, na ndiye aliyemsimulia yote hayo.

"Ndugu yangu alimpenda yule mwanamke kupita kiasi," alikuwa akisema. "Na yeye, moyo wa jiwe! Hata wewe mtoto hakukuaga."

Binti alikua akiyameza maneno hayo pamoja na chai ya asubuhi, yakawa damu yake. Bibi mzaa mama alipokuja siku moja kulia mlangoni, akiuliza mwanawe yuko wapi, ni binti mwenyewe, msichana mkubwa sasa, aliyemjibu akamuulize huyo bwana waliyekimbia naye. Akamfungia mlango usoni. Bibi alikaa kizingitini mpaka jua likazama, kisha akajikokota akaenda zake. Hakurudi tena, alikufa akiuliza.

Sasa baba naye alikuwa amesahau kila kitu. Alianza na miwani, ikafuata njia ya kurudi nyumbani, mwisho uso wa mwanawe wa pekee. Kila asubuhi binti alimnawisha, na kila asubuhi mzee alimkodolea macho. "Wewe nani? Nimekukosea nini?" Kuna siku alimtemea mate. Binti alijifuta, akaendelea kumfunga vifungo vya shati.

Daktari alishauri watafute kitu cha zamani, sauti au harufu anayoijua. Akili iliyolala, alisema, wakati mwingine hushtuka.

Shangazi hakutaka hata kusikia.

"Wauzie watu wa vyuma chakavu. Mtu akisahau, Mungu kampumzisha. Wewe unamwamshia nini?"

"Namwamshia mimi, Shangazi. Nataka aniite mwanangu. Mara moja tu, kabla hajafa."

Shangazi alifyonza, akaingia ndani. Tangu siku hiyo akawa hapiti uani. Hata nguo alianika mbele ya nyumba, barabarani, watu wakishangaa.

Kazi ilikuwa ya kukata tamaa. Walimimina oili kwenye silinda, wakasubiri iloweshe, wakazungusha kwa spana ndefu hadi mishipa ya shingo ikamsimama fundi. Injini haikujongea. Wakamimina tena. Ilipokubali hatimaye, ilitoa mlio kama mtu anayeng'olewa jino, na binti akapiga vigelegele peke yake. Walisafisha kabureta kwa mswaki. Tangi lilitoa matope mekundu. Mabomba ya petroli yalikatikia mkononi kama mihogo mikavu. Vidole vya binti vikachanika, kazini wakawa wanamuuliza kama ameanza kulima.

Kisha, asubuhi moja yenye jua zuri, fundi alizungusha ufunguo. Gari likakohoa. Likakohoa tena, likatema moshi mweusi, halafu likawaka.

"Limefufuka!" fundi alipiga kelele, akilipiga paa kwa kiganja. "Mwite mzee!"

Binti alimshika baba mkono, akamwongoza taratibu, akamketisha nyuma ya usukani. Shangazi alitokeza kwenye mlango wa jikoni akiwa na sufuria mkononi, akasimama palepale.

Mzee alitulia, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe chini ya dashibodi, ukarudisha ndani kidogo kitufe cha choki, kile cha kuwashia injini ya baridi. Mlio ukasawazika, ukawa laini. Mgongo wake ulinyooka. Macho yake, yaliyokuwa na ukungu miaka yote hiyo, yakatakata.

"Anakumbuka, bosi," fundi alinong'ona. "Wallahi mzee anakumbuka."

Binti alichuchumaa kando ya mlango wa gari. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Baba. Ni mimi."

Mzee alishuka bila kushikwa. Hakumtazama. Alitazama dirisha la chumba ambacho binti alilala utotoni, akaweka kidole mdomoni kumtaka kila mtu anyamaze. Akazunguka nyuma ya gari kwa hatua za mtu anayejua anachofanya, akafungua buti, akamgeukia Shangazi.

"Dada, usisimame hapo," alisema kwa sauti ya chini, kila neno likitoka zima. "Wewe mshike miguu, mimi nitamshika kichwani. Fanya haraka, mtoto asije akaamka akamuulizia mama yake."