Mtungi Uliovaa Miwani

Bi Nasra alikuwa ameandika riwaya ya kuchekesha kuhusu daktari wa meno. Siku ya kupigwa picha ya jalada alifika studio na koti lake zuri na miwani.

Mbwiga, mpiga picha, akamletea mtungi ambao bado ulikuwa na kibandiko cha dukani.

"Jitwike, dada. Na viatu uvue. Wachapishaji huko Ulaya wanataka uonekane Mwafrika."

"Kwani sasa hivi naonekana nani?"

Mbwiga akainamisha macho. "Mimi nimetumwa tu."

Nasra hakugomba. Aliuweka mtungi juu ya kiti, akavua miwani yake akauvisha taratibu, kisha akasogea pembeni.

"Haya, mpige huyo. Ndiye waliyemwagiza."

Mbwiga akachungulia kwenye kamera. Mtungi ulikuwa umemkodolea macho, na kidole chake kikabaki juu ya kitufe.