Nyegere Aliyeacha Kunusa

Nyegere alisifika kwa kunusa asali kutoka mbali. Lakini Kasuku alipoanza kujibu maswali ya kila mnyama, Nyegere akaona kunusa ni ushamba. Mwaka mzima akawa anamuuliza Kasuku tu.

Siku moja alirudi na njaa, amechanganyikiwa. "Ndugu Kasuku, mti ulionielekeza hauna hata tone la asali!"

"Samahani sana, uko sahihi," akajibu Kasuku. "Nenda kwenye mgunga uliopinda."

"Si ndiko ninakotoka?"

"Samahani sana. Nenda kwenye mgunga uliopinda."

"Nani alikwambia kuna asali huko?"

"Wewe mwenyewe, mwaka jana, ulipotoka kuimaliza."

Nyegere akainua pua, akavuta hewa, akageuka huku na huku. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, ndugu yangu, asali inanukiaje?"